Mbweha Waliovushwa Bahari

Novemba 1741, meli ya Kirusi iliyoitwa Mtakatifu Petro ilisukumwa na mawimbi hadi ufukweni mwa kisiwa kisicho na mti wala mtu, mashariki mwa Kamchatka. Kiongozi wa msafara, Vitus Bering, Mdenmark aliyetumikia jeshi la majini la Urusi, alikuwa hoi kwa kiseyeye, na wengi wa mabaharia wake walikuwa katika hali hiyo hiyo. Walichimba mashimo mchangani, wakayafunika kwa matanga, wakalala humo. Hapo ndipo mbweha walipowajia.

Georg Steller, mganga na mwanasayansi wa msafara huo, aliandika habari zao kwa uchungu. Walikuwa mbweha wa Aktiki, wadogo kwa umbo, wenye manyoya mazito ya kijivu kinachokaribia buluu, na hawakumwogopa binadamu hata kidogo. Waliiba viatu, vyombo na chakula. Walitafuna mikono na miguu ya maiti kabla makaburi hayajachimbwa, na waliwakaribia wagonjwa wasioweza kujigeuza na kuwanusa nyuso. Mabaharia waliwaua kwa marungu na mashoka, na kesho yake wakaja wengine. Bering alifia hapo mwezi Desemba, na kisiwa kikapewa jina lake. Manusura 46 waliunda chombo kidogo kwa mbao za meli iliyovunjika, wakafika Petropavlovsk mwaka uliofuata wakiwa na shehena ya ngozi za fisi maji wa baharini, ngozi ambazo matajiri wa China walizinunua kwa bei ya kutisha.

Shehena hiyo iliwasha tamaa. Wawindaji wa Siberia walianza kuvuka bahari mwaka hadi mwaka, kisiwa hadi kisiwa, wakifuata fisi maji. Na kwa kuwa fisi maji walipungua upesi kila walipofika, wafanyabiashara walianza kufikiria ngozi nyingine. Mwaka 1750 mmoja wao, Andreian Tolstykh, aliwakamata mbweha wa visiwa vya Komandor, ambavyo kisiwa cha Bering ni kimojawapo, akawapakia chomboni na kuwaachia huru Attu, kisiwa cha mwisho upande wa magharibi wa visiwa vya Aleut. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mbweha hahitaji zizi kisiwani, kwa kuwa bahari ndiyo ukuta wake. Hahitaji mchungaji wala lishe ya kununua. Unamwacha azaane, unarudi wakati wa baridi manyoya yakiwa mazito, unatega mitego, unapakia ngozi.

Kwa kipimo cha faida, Tolstykh hakukosea. Sura hii inahusu vitu ambavyo hesabu yake haikuvigusa.

Visiwa vya Aleut vimejipanga kwa takriban kilomita 1,900 kutoka Alaska kuelekea Kamchatka, Bahari ya Bering ikiwa kaskazini yake na Pasifiki kusini. Ni vilele vya volkano vilivyochomoza majini. Ukungu hukaa siku nyingi, upepo haupumziki, miti haioti. Magharibi ya kisiwa cha Umnak hapakuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha, hata mmoja: si panya, si sungura, si mbweha. Baridi si kali kama ya Ncha ya Kaskazini yenyewe, lakini nchi ni ya namna moja na Aktiki, na uhai wake umetegemea kile kile kinachotegemewa na fukwe zote za Ncha, yaani bahari.

Bahari hiyo ni tajiri mno. Maji ya chini yenye rutuba hupanda kwenye mikondo iliyo kati ya visiwa, vijidudu vya majini huongezeka kwa wingi usiohesabika, samaki huvifuata, na ndege huwafuata samaki. Kila majira ya joto mamilioni ya ndege wa bahari walitua kwenye visiwa hivi kutaga. Pafini, ndege mnene mwenye mdomo mpana wa rangi ya chungwa, huchimba shimo kwenye udongo laini na kutaga yai moja ndani yake. Petreli wa dhoruba, ndege mdogo wa kuenea kiganjani, naye hutaga yai moja shimoni, na huingia na kutoka usiku peke yake. Bata bukini wa Aleut, mwenye shingo nyeusi na shavu jeupe, alijenga kiota chini kabisa, katikati ya nyasi ndefu.

Imezoeleka kusema ndege wa visiwani ni wajinga, kwamba hawajui adui. Maneno hayo si ya haki. Ndege wa Aleut walikuwa na maadui tangu zamani: tai, kipanga na shakwe wakubwa. Maadui hao huja kwa mabawa, huwinda kwa macho, na huwinda mchana. Dhidi yao, shimo la pafini ni kinga. Giza la petreli ni kinga. Nyasi ndefu za bukini ni kinga. Ndege hawa walikuwa wamejifunza somo lao barabara kwa maelfu ya vizazi. Mbweha alikuja na somo lisilokuwemo humo: pua inayosoma gizani, na makucha yanayochimba. Kinga zote tatu zilianguka kwa pamoja. Shimo likawa mtego kwa aliyemo ndani, giza likawa halifichi kitu, na nyasi zikampa mnyama mfupi njia ya kunyemelea. Tena bukini hupukutisha manyoya ya mabawa baada ya kutaga, na kwa muda huo hawezi kuruka. Kisiwa kisicho na mnyama wa miguu minne kilimruhusu kutembea ardhini wiki hizo bila wasiwasi.

Mtu anaweza kudhani mbweha nao wangekufa njaa baada ya kuwamaliza ndege, na mambo yangejirekebisha yenyewe. Kwenye bara mara nyingi ndivyo ilivyo: mawindo yakipungua, mwindaji naye hupungua, na mawindo hupata nafasi ya kuongezeka tena. Aleut haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo inayofanya kisa hiki kiwe kibaya kuliko vingi. Mbweha wa Aktiki ana desturi ya kufukia mayai na mizoga ardhini kwa ajili ya siku za baridi, na ardhi ya huko humhifadhia. Akiba ikiisha, hushuka ufukweni. Maji ya kule hayagandi, na kila maji yakitoka huacha wazi konokono, vijidudu vya mwani na mizoga iliyotupwa na mawimbi. Kwa hiyo ufuko ulimlisha mbweha wakati wa baridi, na majira ya joto yalipofika alikuwa hai, mwenye nguvu na mwenye watoto, akiwasubiri ndege warudi. Ndege walipungua bila mbweha kupungua. Katika hali kama hiyo hakuna kinachomzuia mwindaji kufika kwa ndege wa mwisho.

Wenyeji wa visiwa, Waaleut, ambao wenyewe hujiita Unangan, waliliona hilo kabla ya mwanasayansi yeyote. Ndege kwao hawakuwa pambo. Walikula nyama na mayai yao, na kutokana na ngozi za pafini walishona kanzu za baridi, kila kanzu ikitumia ngozi za ndege makumi kadhaa. Tangu mapema katika karne ya 19 walikuwa wakilalamika kwamba mbweha wamewamalizia ndege wa kula na wa kuvaa. Hakuna aliyewasikiliza, kwa maana wao wenyewe walikuwa wametekwa katika kazi ya kuwawindia Warusi fisi maji, na watu wao walikuwa wamekwisha kufa kwa wingi kutokana na maradhi ya kigeni, bunduki na kazi za shuruti. Naliweka jambo hili mbele kwa makusudi. Vitabu vingi vya uhifadhi huanza hesabu ya hasara siku mtaalamu wa kwanza alipofika na daftari, na huko ni kuwafuta watu waliolipia hasara hiyo kwa miili yao miaka mia moja kabla.

Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na biashara ya mbweha ikabadili mabwana bila kupungua. Iliongezeka hasa. Mitindo ya mavazi ya miji mikubwa ilipenda shingo za manyoya ya mbweha wa buluu, na miaka ya 1910 na 1920 bei ilipanda kiasi cha kuwafanya watu wakodi visiwa vizima. Walipogundua kwamba ndege wa kisiwa fulani hawatoshi kulisha mbweha, baadhi yao walileta pia kindi wa ardhini na panya wa porini, wawe chakula. Mgeni wa pili aliletwa kumlisha mgeni wa kwanza, na wa pili naye alikuwa mla mayai. Kuanzia kusini-mashariki mwa Alaska hadi Attu, visiwa zaidi ya 450 vilipandwa mbweha kwa nyakati mbalimbali.

Tarehe 3 Machi 1913 Rais William Howard Taft alitia saini amri ya kuvifanya visiwa vya Aleut kuwa hifadhi. Amri hiyo ilitaja makusudi yake bila kuficha: kulinda ndege wa asili, na papo hapo kuendeleza kulungu wa Aktiki na wanyama wa manyoya. Karatasi moja, sahihi moja, hifadhi moja, na ndani yake wamo ndege na wanaowala. Sidhani walioiandika walikuwa na nia mbaya. Waliamini, kama wengi wa zama zao, kwamba nchi tupu ni ghala lenye nafasi, na kwamba mnyama yeyote anaweza kuongezwa humo bila mwingine kupungua.

Mwaka 1936 na 1937 mwanabiolojia Olaus Murie alitumwa na serikali kuzunguka visiwa hivyo kwa meli ndogo. Alipanda majabali, akahesabu ndege, akakusanya kinyesi cha mbweha na kukichambua ili ajue wanakula nini. Manyoya ya ndege na mifupa yao vilikuwamo tele. Aliongea na Waaleut, wakamweleza kisiwa kwa kisiwa palipokuwa na ndege zamani na pasipokuwa nao tena. Bata bukini wa Aleut, ambaye zamani alizaliana karibu kwenye visiwa vyote vya magharibi, alikuwa vigumu kuonekana. Kisha vita vilikuja. Wajapani waliiteka Attu Juni 1942 na kuwapeleka wanakijiji wake Hokkaido, Waaleut wengine walihamishwa na Wamarekani hadi kusini-mashariki mwa Alaska, na soko la manyoya, lililokuwa limeanguka tangu mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, halikufufuka. Wawindaji waliondoka. Mbweha walibaki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika sura hii, ambalo halihusu ndege tu.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Donald Croll na wenzake, akiwamo James Estes aliyejulikana kwa kazi yake juu ya fisi maji, na Vernon Byrd wa hifadhi ya visiwa hivyo. Walilinganisha visiwa 18, tisa vilivyokuwa na mbweha na tisa ambavyo havikuwahi kuguswa nao. Hali ya hewa ilikuwa moja, miamba ya aina moja, bahari ni ile ile. Lakini mtu aliyesimama kwenye kisiwa kisicho na mbweha alizungukwa na nyasi nene, ndefu, za kijani kilichokolea. Kwenye kisiwa chenye mbweha alikanyaga tundra: vichaka vya kutambaa, kuvumwani na mimea mifupi ya matunda madogo, juu ya udongo maskini. Ilikuwa nchi mbili tofauti, na mbweha hali nyasi.

Maelezo yamo katika samadi. Ndege wa bahari hula baharini na kunya nchi kavu. Kila safari ya kwenda kulisha kinda huleta kisiwani nitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani ya samaki, na mamilioni ya safari hufanya kazi ambayo mkulima huifanya kwa jembe na toroli. Watafiti walipima: kwenye visiwa visivyo na mbweha, kila mita ya mraba ilipokea karibu gramu 362 za samadi kwa mwaka, na kwenye visiwa vyenye mbweha haikufika gramu 6. Fosforasi ya udongo ilikuwa zaidi ya mara tatu kule kusiko na mbweha. Nitrojeni itokayo baharini ina alama yake, kiasi kikubwa zaidi cha isotopi nzito, na alama hiyo waliifuata kutoka kwenye udongo hadi kwenye majani, kutoka majani hadi kwa nzi na buibui, hata kwa ndege wadogo waimbao ambao hawajawahi kuvua samaki maishani mwao. Sehemu kubwa ya uhai wa kisiwa ilikuwa mwili wa bahari uliopandishwa juu kwa mabawa.

Ili kuondoa shaka, walichukua vipande vya tundra kwenye kisiwa chenye mbweha na kuvitia mbolea kwa miaka mitatu. Nyasi zilianza kurudi.

Hapa ndipo tunapouona ukubwa wa tendo la Tolstykh. Aliachia wanyama wachache waliokula ndege. Kwa kula ndege walikata njia ambayo bahari ilipita kuingia nchi kavu, na njia ilipokatika, ardhi yenyewe ikabadilika, na pamoja nayo kila kitambaacho na kirukacho juu yake. Nimesoma maelezo mengi ya hasara zinazotokana na wanyama wa kuletwa, na mengi huishia kwenye orodha ya waliokufa. Orodha hiyo ni ya kweli, ila inaficha kwamba mnyama anaposhika nafasi isiyokuwa yake, kinachoharibika kwanza ni mahusiano. Hakuna mtu aliyekuwa na jina la uhusiano uliokuwapo kati ya pafini na buibui wa Attu. Ulikatika miaka takriban 250 kabla haujapimwa.

Habari ya kurekebisha ilianza na mtu mmoja na mashua. Robert Jones, aliyepewa jina la utani kutokana na mapenzi yake kwa fisi maji wa baharini, alikuja kuisimamia hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1949 alianza kuwatilia mbweha sumu kisiwani Amchitka, kazi iliyochukua miaka mingi. Mawazoni mwake alikuwa na kisiwa kingine, Buldir, kilichoko peke yake mbali na visiwa vingine. Buldir hakina bandari. Majabali yake hupigwa na mawimbi pande zote, na wafugaji wa mbweha hawakuona faida ya kuhatarisha chombo hapo. Mwaka 1962 Jones alikifikia kwa mashua ndogo ya wazi, akawakuta bata bukini wa Aleut, mia mbili au tatu hivi, waliokuwa wamedhaniwa wametoweka duniani. Ugumu wa kutua ndio uliowaokoa, si sheria yoyote.

Makinda yalichukuliwa kwenda kuzalishwa Maryland, lakini ndege waliolelewa na watu hawakufanikiwa sana walipoachiwa visiwani. Kilichofaa zaidi ni kuzihamisha familia za bukini wa porini kutoka Buldir hadi visiwa vilivyokwisha kuondolewa mbweha, Agattu kikiwamo, na kuzuia uwindaji kule California na Oregon wanakokaa wakati wa baridi. Mwaka 1975 walihesabiwa chini ya 800. Mwaka 2001 waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na leo wamezidi laki moja, kiasi kwamba wakulima wa pwani ya kaskazini ya California wanalalamika kuhusu malisho yao.

Ni ushindi, na nautaja kwa furaha. Lakini bei yake haipaswi kupunguzwa katika kusimulia. Kuondoa mbweha maana yake ni kuwaua, wote, hadi wa mwisho, kwa kuwa dume na jike wawili wakibaki kazi yote imepotea. Walitumia sumu hadi mwaka 1972, Rais Nixon alipopiga marufuku matumizi ya namna hiyo kwenye ardhi za serikali, kisha wakarudi kwenye mitego na bunduki, kambi za baridi na mvua, miezi ya kufuata nyayo za mnyama mmoja aliyebaki. Kulifanyika hata jaribio la kuwaachia mbweha wekundu waliohasiwa, ambao ni wakubwa kuliko wale wa Aktiki na huwafukuza, kisha wenyewe wakazeeka na kufa bila watoto. Zaidi ya visiwa 40 vimesafishwa. Mbweha waliouawa hawakuwa na hatia. Walikuwa vizazi vya vizazi vya wanyama waliopakiwa chomboni bila hiari, wakafanya kile mbweha anachofanya. Siku walipoachiwa Attu ndipo kifo chao kilipoandikwa, na mzigo wa kukitekeleza uliangukia watu ambao hawakuwahi kupata hata senti ya ngozi zile.

Upande wa pili wa dunia, Marion, kisiwa cha Afrika Kusini katika bahari inayoelekea Antaktika, kilirudia kisa hicho kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kwenye kituo cha hali ya hewa ili kupunguza panya walioachwa na wawinda sili. Paka waliona petreli ni rahisi kuliko panya. Kufikia mwaka 1977 walikadiriwa kuwa 3,400, na makadirio ya mwaka 1975 yalisema walikuwa wakiua petreli wapatao 455,000 kwa mwaka. Walipandikiziwa virusi vya ugonjwa wa paka, idadi ikashuka hadi mia sita hivi mwaka 1982, kisha wawindaji wakazunguka usiku kwa kurunzi na bunduki hadi mwaka 1991, paka wa mwisho alipotoweka. Panya walibaki, na katika miongo ya karibuni wameanza kuwaguguna makinda wa albatrosi wakiwa hai viotani. Paka watano; zaidi ya miaka 40; na kazi haijaisha.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu lipo wazo linalorudi tena na tena, na linarudi kwa nia njema. Barafu ya Aktiki inapungua. Dubu weupe, ambao wamebaki takriban 26,000, wanawinda sili wakiwa juu ya barafu hiyo, na bila hiyo hawana pa kusimama. Antaktika kuna barafu, kuna sili, kuna pengwini kwa mamilioni. Kwa nini tusiwapeleke huko? Nimelisikia swali hili kutoka kwa watoto na kutoka kwa watu wazima wenye elimu, na linastahili jibu la heshima, kwa kuwa anayeuliza anataka dubu waishi.

Dubu wangeishi, angalau mwanzoni, na kuishi vizuri mno. Sili wa Aktiki wa madoa ya duara humficha mtoto wake ndani ya pango la theluji, kwa kuwa dubu yupo na amekuwapo. Sili wa Weddell kule kusini huzaa juu ya barafu wazi, mchana kweupe, na mtu akimkaribia huinua kichwa tu na kumtazama. Adui zake, nyangumi muuaji na sili chui, wako majini. Juu ya barafu ndiko kwenye usalama. Pengwini vivyo hivyo: husitasita ukingoni kabla ya kujitosa, na akiwa juu hana haraka. Dume wa pengwini mkuu husimama gizani zaidi ya miezi miwili akiwa na yai juu ya miguu yake, bila kula kitu, akijibana na wenzake dhidi ya upepo. Akikimbia, yai litaganda. Kinga yake yote imejengwa dhidi ya baridi, kama ya pafini ilivyojengwa dhidi ya tai. Dubu dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 500, na mnyama mkubwa kuliko wote anayeishi nchi kavu ya Antaktika mwaka mzima ni aina ya nzi asiye na mabawa, mwenye urefu wa milimita chache.

Tena njia ile ya samadi ipo huko pia. Watafiti wa rasi ya Antaktika wameonyesha kwamba nitrojeni kutoka kwenye makoloni ya pengwini na sili husambaa zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye koloni lenyewe, na katika duara hilo kuvumwani na ukoga hustawi, na wadudu wadogo wa udongoni ni wengi na wa aina nyingi zaidi. Dubu angekuwa mbweha wa Attu kwa mara ya pili, katika bara zima, mahali ambapo hakuna Buldir.

Sheria ya huko imekwisha kusema. Itifaki ya mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, inakataza kuingiza mnyama au mmea usio wa asili bila kibali, na kwa mbwa haikuacha mwanya wowote: wote walitakiwa kuwa wameondoka kufikia tarehe 1 Aprili 1994. Mbwa wa mwisho wa Waingereza waliondolewa kituo cha Rothera mwezi Februari mwaka huo. Walikuwa wameivuta historia ya bara hilo kwa vifua vyao tangu enzi za wavumbuzi wa kwanza, na watu waliowatunza walilia kuwaaga. Walilishwa kwa mkono, walifungwa minyororo, na kila mmoja alijulikana kwa jina. Waliondolewa kwa sababu kubwa moja, hofu kwamba maradhi yao yanaweza kuwaambukiza sili.